Kwani Mkristo humaliza kusoma lini? Tuifungue hii maneno polepole

Kuna ubishi moja Kisumu utaupata kila mahali waumini wawili watatu wamekaa, iwe nje ya kanisa Kondele baada ya ibada ama kwa benchi ya mama wa chai pale Kibuye, na huwa unaenda hivi: mmoja anasema mtu wa Mungu lazima asome, asome tu, manake Hosea 4:6 imesema watu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa. Mwenzake anamrudishia na 2 Wakorintho 3:6, andiko huua bali roho huhuisha, elimu nyingi ndio imezimisha kanisa, kwani Petro alisomea wapi na alihubiri siku moja watu elfu tatu wakaokoka? Hapo inaisha. Kila mtu anaenda nyumbani akijua ameshinda.

Mimi naona wote wawili wamekosea, na si kidogo. Ukizisoma hizo aya pamoja na zile ziko juu na chini yake utaona hazigombani, kila moja inaongea na watu wake kuhusu kitu chake. Na ukiendelea kusoma unaanza kuona Biblia haina shida na mtu kujua mengi, wala haimsifu mtu kwa kujua mengi. Inachoangalia sana ni kama huyo mtu, hata akiwa amesoma mpaka akachoka, bado anaeza kuambiwa amekosea akasikia. Wacha nieleze venye nafika hapo, itachukua muda kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu ya kwenda Kakamega usijali, utafika kabla sijamaliza.

Tuanze na Hosea. Hio aya tunaijua nusu, ile nusu huandikwa kwa kalenda ya ukutani. Nusu ya pili inasema kwa kuwa wewe umeyakataa maarifa, mimi nami nitakukataa wewe, usiwe kuhani mimi. Umeona ni nani anaambiwa? Kuhani. Mtu wa madhabahu. Na maarifa yenyewe ni gani, rudi mstari wa kwanza wa sura hio hio, utaambiwa hakuna kweli wala fadhili wala kumjua Mungu katika nchi. Kwa hivyo si aya ya kumwambia mtoto apite mtihani, na si aya ya kuuzia watu semina ya biashara vile siku hizi inatumika. Ni aya ya kumshtua mhudumu ambaye aliacha kujifunza kitambo na watu wake ndio wanalipa bei. Inashangaza sana kwamba sisi wahudumu (mimi nafundisha darasa la Biblia la watu wazima, kwa hivyo najihesabu) ndio tunaipenda zaidi, na tunaipiga kwa wengine.

Sasa andiko huua. Paulo hapo anaongea kuhusu sheria iliyochorwa kwenye mawe, ile ya Musa, kwamba inamwonyesha mtu dhambi yake na haimpi nguvu ya kutoka. Hajasema neno moja kuhusu kitabu, shule ama digrii. Angesemaje, mtu mwenyewe alilelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu mkubwa wa sheria ya Wayahudi, Matendo 22:3. Na kuna aya moja watu huiruka juu inakaa kama stori ya nyumbani tu, 2 Timotheo 4:13. Paulo yuko gerezani, anajua karibu anauawa, ameshasema mwendo ameumaliza, halafu anamwambia Timotheo akija amletee lile joho aliloacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Ameandika nusu ya barua tunazosoma, ametokewa na Yesu mwenyewe njiani, na bado anataka vitabu vyake vije. Mtu wa kusema Roho atanipa kila kitu bila kusoma angekuwa huyo, na hakusema.

Kuna na ile ya Mathayo 10:19, msifikiri-fikiri jinsi mtakavyosema. Hii imetusumbua sana huku kwetu. Kuna wahubiri wanapanda madhabahu Jumapili bila hata kufungua Biblia wiki nzima na wanaona hio ni imani. Lakini soma ni saa ngapi Yesu anasema haya: mtakapopelekwa mbele ya maliwali na wafalme, mmeshikwa, hamkupewa muda. Ni ahadi ya mtu amekamatwa. Mtu ambaye alikuwa na Jumatatu mpaka Jumamosi hio ahadi haimhusu.

Na Petro je? Ni kweli, Matendo 4:13 baraza liliona yeye na Yohana ni watu wasio na elimu. Maana yake hawakupitia shule za marabi. Lakini malizia mstari, wakawatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Miaka kama mitatu hivi wakitembea na Mwalimu, wakila naye, wakiuliza maswali mengine ya aibu, wakikemewa mbele ya watu, sasa hio unaitaje kama si kusoma? Halafu huyo huyo Petro ndio barua yake ya pili, sura ya 3 mstari wa 16, inasema barua za Paulo ziko na mambo magumu kuelewa na watu wasio na elimu huyapotoa. Mvuvi wa Galilaya analalamika kuhusu watu wasiosoma vizuri. Mtu akikuletea Petro kama sababu ya kutosoma, mwonyeshe hapo tu.

Hizo ndizo zinazotupwa sana. Ile inaeza kweli kumsimamisha msomi ni 1 Wakorintho 8:1, ujuzi huleta majivuno bali upendo hujenga. Hii siwezi kuilainisha. Korintho kulikuwa na watu wanajua vizuri kabisa kwamba sanamu si kitu, kwa hivyo nyama iliyotolewa kwa sanamu wanakula tu, na walikuwa sawa! Paulo anakubali wako sawa. Shida yao ni kwamba ukweli wao waliutumia kumkanyaga ndugu ambaye dhamiri yake bado ni laini. Kwa hivyo unaeza kujua kitu cha kweli na hio kweli ikakuharibu wewe na mwenzako. Hatari yenyewe iko, tusijifanye haiko. Lakini dawa Paulo anatoa ni upendo, hajawaambia wajue kidogo.

Sasa nataka tuangalie kwa nini huku magharibi ya Kenya hii kitu imejifunga hivi, manake haikuanza na mitandao. Wamisionari wa Friends (Quakers) walifika Kaimosi 1902, CMS, misheni ya Anglikana, wakaanzisha shule ya Maseno 1906, na kwa misheni nyingi za wakati huo shule na kanisa vilikuwa nyumba moja. Ukitaka kubatizwa unaanza na herufi, unasoma katekisimu, unasoma Injili, ndio unaulizwa maswali. Watu wazima na ndevu zao wakikaa na vijana. Lengo la kusoma lilikuwa wazi, usome Neno mwenyewe.

Lakini kusoma hakuwezi kufungiwa kwa kitu kimoja. Yule alijua kusoma Injili alijua pia kusoma karatasi ya kodi, na serikali ya mkoloni ikataka makarani, na reli ikataka makarani, na polepole sababu ya kukaa darasani ikahama. Sikatai hio ilikuwa baraka, wengi wetu tumelelewa na mishahara iliyotokana na hio shule. Ila cheti kikachukua kiti cha mbele. Ukitaka kuona venye kimechukua, nenda matanga yoyote Vihiga, Siaya, Busia, sikiza ile historia ya marehemu ikisomwa. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma primari fulani, akaenda sekondari fulani, akapata diploma, akaajiriwa. Hapo kwa elimu panafungwa. Marehemu ana miaka themanini na mambo ya kujifunza yaliisha akiwa na ishirini na nne! Na unakuta huyo mzee alifundishwa na jirani kufuga nyuki akiwa na sitini, akajifunza kusoma nota za muziki na kwaya, akabadilisha mawazo yake yote kuhusu kusomesha wasichana baada ya kubishana na pasta miaka mingi. Haiandikwi. Haina cheti.

Kuna mwalimu mmoja wa hio historia ambaye mimi humfikiria sana, Carey Francis. Alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, akaacha hio akaja na CMS, akaongoza Maseno kuanzia 1928 mpaka 1940, halafu shule ya Alliance mpaka 1962. Alikuwa mkali, wengine wanasema mkali kupita, na hakuwa mtu wa kukubaliana na kila mwanasiasa. Alipostaafu angeeza kurudi kwao Uingereza akakaa na heshima zake. Alienda kufundisha Pumwani, shule ya watoto wa Eastlands Nairobi, kama mwalimu tu wa kawaida, mpaka akafariki 1966. Mtu aliyekuwa mkuu wa shule ya juu kabisa nchini anakaa kwa stafurumu chini ya mkuu mwingine. Unajua hio inahitaji moyo gani?

Haya, wazee wetu wengine wawili, hawa mnawajua. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Kapkenduiywo Primary hapo Eldoret Januari 2004, akiwa na miaka 84, mwaka mmoja tu baada ya serikali kufanya shule ya msingi bure. Dunia ilimpenda, 2005 akapelekwa New York akaongea Umoja wa Mataifa. Kile watu husahau ni sababu zake. Alitaka kujua hesabu ili kama pesa ya fidia ya wapiganaji wa Mau Mau ikija asiibiwe, na alitaka kusoma Biblia mwenyewe juu alikuwa na shaka kama mhubiri anasema kile kimeandikwa. Alibatizwa 2009, mwaka huo huo akafariki. Na Priscilla Sitienei wa Ndalat, Nandi, watu walimwita Gogo, mkunga aliyezalisha wamama wa kijiji miaka na miaka mpaka wengine wa wanafunzi wenzake alikuwa amewapokea yeye mwenyewe, akiwa na 90 bado alikuwa anavaa yunifomu. Yeye pia alisema anataka kusoma Biblia, na anataka kuonyesha watoto wasiache shule. Alifariki 2022 akiwa na 99.

Ile shaka ya Maruge watu wengine wataiona ni dharau kwa mtumishi. Soma Matendo 17:11. Waberoya walisikia Paulo akihubiri, si mtu mdogo, Paulo, na kila siku wakachunguza maandiko waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Luka hakuwaita wabishi. Anasema walikuwa waungwana kuliko wale wa Thesalonike. Hapa ndipo naona kisomo cha watu wazima, kile tuliita ngumbaru, kilikuwa kazi ya kiroho hata kama serikali ndio ilikizindua 1979 kwa sababu zake. Mama akijua kusoma hawezi kudanganywa kirahisi, si na dalali wa shamba na si na nabii. Tuliona 2023 Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ikitolewa kwa udongo, na kati ya mafundisho yaliyohusishwa na kundi la dini la huko ni kwamba shule ni ya shetani na hospitali ni ya shetani. Sisemi aliyesoma hawezi kupotezwa, kuna waliosoma sana walienda huko. Nasema fundisho la kwanza la mtu anayetaka kukumiliki ni kukukataza kuuliza.

Sasa tufike mahali pagumu, manake mpaka hapa mtu anaeza kukubali kwamba sawa, tusome Biblia maisha yote, lakini haya mengine, biolojia, historia, falsafa, siasa, kompyuta, Mkristo anayatafutia nini? Hii ni swali ya zamani na imebishaniwa na Waafrika wa kwanza kabisa kanisani. Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa pande za Tunisia ya leo, aliuliza kwa hasira Athene ina uhusiano gani na Yerusalemu, yaani falsafa ya Wagiriki na imani. Karibu miaka mia mbili baadaye Augustino, aliyezaliwa 354 pande za Algeria ya leo, akajibu kwa njia ingine: Waisraeli wakitoka Misri walibeba dhahabu ya Wamisri, na baadaye hio dhahabu ikajenga hema ya Mungu, kwa hivyo ukweli popote unapoupata ni wa Bwana wako, ubebe. (Najua, dhahabu hio hio ndio ilitengeneza ndama. Ndio maana nasema pagumu.)

Biblia yenyewe iko upande gani? Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri, Matendo 7:22, na Stefano anaitaja bila kuomba msamaha. Sulemani, 1 Wafalme 4:33, hekima yake ilikuwa pia kuongea kuhusu miti, kutoka mwerezi wa Lebanoni mpaka hisopo inayoota ukutani, na wanyama na ndege na samaki, hio leo tungemweka kwa idara ya botania pale Maseno. Danieli ndio mfano wa kukaa nao. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, akasomeshwa miaka mitatu lugha na elimu ya Wakaldayo, elimu iliyojaa nyota na miungu yao, na akawa bora mara kumi kuliko waganga wao. Hakukataa vitabu vyao. Alikataa chakula cha mfalme. Tafuta mahali aliweka mpaka na ujiulize kwa nini hapo, sisi wengi tungeweka kinyume, tungekula vizuri tukakataa vitabu. Halafu ruka mpaka sura ya 9. Miaka karibu sabini imepita, Danieli ni mzee, ameona wafalme wakiingia na kutoka, ametafsiri ndoto zao, ameongea na malaika, na mstari wa 2 unasema alifahamu kwa kuvisoma vitabu. Alikuwa anasoma Yeremia. Mwenye maono anasoma nabii mwenzake ili aelewe miaka inahesabiwaje, na alichosoma kikampeleka kwa magoti, mstari wa 3 mpaka wa 19 ni toba.

Hapa kwetu tuko na mfano ambao watu wengi hawaujui. Shemasi mkuu wa Anglikana, Walter Owen, alifanya kazi Nyanza kuanzia 1918 mpaka miaka ya arobaini. Waliosoma historia wanamjua kwa ile Kavirondo Taxpayers' Welfare Association ya 1923, chama cha kutetea walipa kodi, na ugomvi wake na serikali kuhusu kodi na kazi ya kulazimishwa. Lakini huyo padri pia alikuwa anachimba. Akimaliza ziara za parokia anaangalia mmomonyoko wa udongo, anaokota vipande vya vyungu, anaandika. Vyungu fulani vyenye kibonyeo kwa kitako alivipata Urewe, pande za Yala, na 1948, yeye akiwa ameshafariki, maelezo yake yakachapishwa pamoja na ya Mary na Louis Leakey, watafiti wa mambo ya kale. Leo wataalamu wanaviita vyungu vya Urewe na vimepatikana kuzunguka ziwa lote mpaka Rwanda na Burundi, kazi ya watu waliokuwa wanayeyusha chuma hapa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mzungu yeyote kuja kutuambia hatukuwa na kitu. Niambie hio haimhusu Mkristo wa Siaya.

Najua swali linakuja, na mtoto wa form two ameshaliuliza nyumbani. Mwaka huo huo wa 1948 Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya nyani, kisiwani Rusinga, kitu cha miaka milioni kama kumi na nane, sasa Mwanzo sura ya kwanza inakaa wapi? Wakristo hawajakubaliana kwa hii, kuna wanaosoma zile siku sita kama masaa ishirini na nne, kuna wanaosoma kama vipindi virefu, kuna wanaosema Mwanzo inajibu nani na kwa nini na haijibu lini. Sitaimaliza hapa. Ninachojua ni kwamba jibu la nyamaza usiulize hayo linamfundisha mtoto kwamba imani yetu inaogopa mawe. Augustino aliandika kitambo akionya Wakristo wasiongee ujinga kuhusu dunia na nyota mbele ya watu wanaozijua, manake wakikuona umekosea mahali wanapojua vizuri, watakuaminije ukiongea kuhusu ufufuo? Mzazi anaeza tu kusema sijui, twende tuangalie pamoja, hio haipunguzi baba wala mama.

Kuna shimo lingine upande wa pili ambalo wasomi wangu wa simu wanaingia kila siku. 2 Timotheo 3:7 inaongea kuhusu watu ambao wanajifunza sikuzote na hawafiki kamwe kuujua ukweli. Wanajifunza sikuzote! Paulo angekuwa na bando angeandika hivyo hivyo. Asubuhi mahubiri ya Lagos kwa YouTube, mchana unabii wa TikTok, jioni mjadala wa nani ni mpinga Kristo kwa grupu ya WhatsApp, usiku unalala umejaa na huwezi kueleza barua moja ya Paulo kutoka mwanzo mpaka mwisho inasema nini. Ni kama mtu anapita Kibuye akionja kila sufuria na hajawahi kukaa chini ale. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa wa miaka ya 1100, aliwagawa wasomi kwa sababu zao, kwamba kuna anayetaka kujua ili ajue tu, kuna anayetaka kujua ili ajulikane, kuna anayetaka kujua ili auze, na kuna anayetaka kujua ili ajenge wengine ama yeye mwenyewe ajengwe. Ya kuuza mimi sina ukali nayo sana, mtu anasomea uhasibu ili alipwe na alishe watoto, hio ni haki yake. Ya kujulikana ndio inatumaliza, siku hizi hata pasta wa mtaa ana daktari mbele ya jina na ukiuliza alitetea utafiti gani unaonekana una roho mbaya.

Sasa rudi kwa kile nilisema mwanzo cha kurekebishwa, manake nimekizunguka. Matendo 18 kuna mtu anaitwa Apolo, wa Aleksandria, mji wa vitabu. Luka anamsifu: msomi, hodari katika maandiko, roho inamwaka, anafundisha kwa usahihi habari za Yesu. Shida moja tu, alijua ubatizo wa Yohana peke yake. Prisila na Akila wakamsikia sinagogi. Hawa ni mafundi wa mahema, mke na mume, jua kali. Hawakumkata mbele ya watu, walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na Apolo akasikiza! Jiweke hapo: wewe ndio una digrii, wewe ndio watu wanapiga makofi, halafu fundi na mke wake wanakuambia mwalimu, karibu chai nyumbani, kuna kitu ulisema. Ni wangapi wangeenda? Na ni wangapi wangeenda wakijua anayefundisha zaidi ni mama, manake hapo kwa nakala za zamani za Matendo jina la Prisila ndio linatangulia. Baada ya hio chai ndio Luka anasema Apolo akaenda Akaya akawa msaada mkubwa. Augustino naye, miaka michache kabla ya kufa 430, askofu mwenye jina kila mahali, alikaa akapitia vitabu vyake mwenyewe kimoja kimoja akiandika hapa nilikosea, hapa ningesema vingine. Hata Yesu, Luka 2, akiwa na miaka kumi na miwili anapatikana hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali, na sura inafungwa kwa kusema aliendelea katika hekima na kimo. Kama Mwana wa Mungu aliendelea katika hekima, mimi mwenye diploma nimemalizia wapi?

Kwa mtu wa kawaida hii inafanyika vipi, mtu wa bodaboda Nyalenda ama mama anauza omena, hana muda na hana pesa ya chuo? Si lazima chuo, ingawa makanisa mengi yana kozi za theolojia za kusomea nyumbani, uliza ofisi ya dayosisi ama ya kanisa lako, bei yake huwa ni ya watu wa kawaida. Maktaba ya umma iko Kisumu, iko Nakuru, iko Kakamega, ingia. Ukiwa na Biblia ya Kiswahili ile ya Muungano ya 1952 na lugha inakukazia, weka Habari Njema kando yake ama ile ya lugha ya mama, soma zote mbili, mahali zinatofautiana ndio pa kuuliza. Na usisome peke yako kila siku. Peke yako hakuna wa kukuambia umekosea, na nimeshasema hapo ndipo kazi iko. Tafuta watu watatu wanne, na wasiwe wote wa rika lako, weka mwalimu mstaafu na kijana wa kinyozi na mama ambaye hakupita darasa la tano, halafu asiwepo mtu ambaye jibu lake ndio mwisho.

Kama mnataka mahali pa kuanzia, chukueni Filemoni. Ni sura moja, mistari 25, inasomeka yote saa ya chakula cha mchana na bado kuna muda wa chai. Isomeni mara mbili bila kufafanua chochote. Halafu muulizane Paulo anaomba nini hasa, Onesimo, mtumwa wa Filemoni, awe huru ama apokelewe tu vizuri, kwa nini hasemi wazi, na nyinyi mngekuwa Filemoni, na watumwa wengine nyumbani wanaangalia, mngefanya nini Jumatatu. Barua haisemi Filemoni alijibu nini, kwa hivyo msitafute jibu nyuma ya kitabu, na yule mama wa darasa la tano apewe nafasi aongee kabla ya mwalimu.